Damu Inaporejea Moyoni: Istilahi na Uelewa Katika Kisii na Nyamira

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili huwaachia madaktari: namna ya kumtajia mgonjwa wa Kisii au Nyamira dhara linaloupata moyo pindi damu inaporudi.

Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na bonge la damu, misuli hukosa oksijeni, ikaanza kufa. Tiba ni kuuzibua, ama kwa dawa ya kuyeyusha bonge ama kwa kupitisha kiputo ndani ya mshipa. Ajabu ni kwamba damu irejeapo kwa ghafla, oksijeni huzaa kemikali kali, kalsiamu hufurika ndani ya seli, na mitokondria, ambazo ndizo jiko la seli, hutoboka. Misuli iliyokuwa ingali hai hufa katika dakika za mwanzo za nafuu yenyewe. Robert Jennings na wenzake walilidokeza jambo hili mwaka 1960 kwa kuchunguza mioyo ya mbwa.

Mwaka 1986 Jennings, pamoja na Charles Murry na Keith Reimer, walionyesha kwamba moyo wa mbwa ukinyimwa damu mara nne, dakika 5 kila mara, kisha ukazibwa kwa dakika 40, eneo linalokufa hupungua hadi robo. Matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo, siklosporini, iliyowafaa wagonjwa katika jaribio la watu 58 mwaka 2008, haikufaa kitu katika jaribio la watu 970 mwaka 2015. Kuubana mkono kwa mkanda na kuulegeza, ili moyo ujihami, nako hakukusaidia katika utafiti wa 2019 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000. Penye mafanikio ni katika upasuaji wa moyo, kama ufanywao Tenwek, Bomet, jirani ya Nyamira: madaktari huusimamisha moyo kwa maji yenye potasiamu, mara nyingi ya baridi, ili uhitaji oksijeni kidogo.

Turudi kwenye lugha. Katika Ekegusii, enkoro, sawa na moyo wa Kiswahili, ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia. Ndiyo maana “mshtuko wa moyo” huweza kufasiriwa kuwa hofu au majonzi tu. Sasa mwambie mkulima wa Keroka kwamba kuna “jeraha la kuzibuliwa”. Atauliza, na ana haki, kwa nini azibuliwe. Istilahi hiyo inaitwika tiba lawama isiyo yake, ilhali mshipa ukiachwa umezibwa misuli inayopotea ni mingi zaidi.

Kwa maoni yangu, “jeraha la mrejeo wa damu” litumike vitabuni. Kitandani pa mgonjwa inafaa tashbihi ya shamba la mteremkoni lililokauka: mvua ya kwanza huchukua udongo wa juu, lakini mkulima haikatai mvua, huchimba makingamaji. Tashbihi hii ina kasoro, kwani udongo huondolewa na nguvu ya maji ilhali seli huharibiwa na kemikali. Naikubali hivyo hivyo. Zaidi ya yote, kwa kuwa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia jeraha hili baada ya mshipa kuzibuliwa, mkalimani asianze na istilahi yoyote. Aanze kwa kuuliza maumivu ya kifua yalianza saa ngapi.