Kutafuta Kazi ya Uuguzi Ujerumani: Umuulize Nani, Uulize Nini

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Mara zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 wametengewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha waziwazi: mkataba hautaji idadi wala mgawo wowote. Uvumi lakini ulikuwa umeshafika vijijini, na uvumi wa aina hiyo ndio mtaji wa matapeli wanaouza "nafasi" kwa vijana waliouza mashamba ya wazazi wao. Kwa hiyo tuanze hapa: hakuna nafasi iliyohifadhiwa mahali ikikusubiri. Zipo hospitali na nyumba za kutunzia wazee zenye upungufu mkubwa wa wauguzi, na kila moja huajiri mtu baada ya kusoma vyeti vyake na kumsikiliza akizungumza.

Kabla ya wakala, mtafute muuguzi mwenzako ambaye tayari yuko kazini huko. Si vigumu kama inavyodhaniwa. Pitia kundi la WhatsApp la mwaka wenu chuoni, uliza kwa wakufunzi wako, angalia LinkedIn waliosoma chuo chako na sasa wanaishi Ujerumani. Ugumu unakuja kwenye ujumbe wa kwanza. Wengi huandika, "Dada naomba konekshen ya kazi huko," na kungoja. Dada huyo hana kazi ya kugawa. Hajui utendaji wako, na akikupeleka kwa bosi wake, jina linalowekwa rehani ni lake. Atanyamaza, nawe utasema ana roho mbaya.

Jaribu hivi: "Shikamoo dada. Naitwa Neema, tumesoma chuo kimoja, mimi nilimaliza 2019. Niko wodi ya upasuaji, na sasa nasoma Kijerumani ngazi ya B1. Naomba kuuliza jambo moja tu: ulipopeleka vyeti vyako vitambuliwe, walikudai hati inayoonyesha saa za kila somo na za mafunzo ya wodini? Ukipata nafasi, hata wiki ijayo, nitashukuru sana." Swali hilo linajibika kwa dakika mbili, na linamwonyesha kwamba umeshaanza safari bila kumsubiri. Akikujibu, fanya alivyokuelekeza kisha umrudishie taarifa: hati nimeipata, asante, mtihani wa B1 nafanya mwezi ujao. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakishapata jibu hupotea kabisa. Siku msimamizi wa wodi yake atakapouliza kama anamjua muuguzi mwingine mzuri kwao, atamtaja yule aliyekuwa akimpa mrejesho.

Swali la hati nimelichagua makusudi. Uuguzi Ujerumani ni taaluma inayolindwa na sheria, na huwezi kuifanya kama muuguzi kamili mpaka mafunzo yako yatambuliwe na mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi. Majimbo yako 16, kila moja na ofisi zake, kwa hiyo jibu la aliyeko Hamburg laweza kutofautiana na la aliyeko Bavaria. Daima uliza, "Hilo ni jimbo gani?" Mamlaka hulinganisha mafunzo yako na yao, somo kwa somo, na cheti kitupu hakiwatoshi. Hati ya saa za masomo iombe chuoni mapema, ungali karibu, kwa sababu kuifuatilia ukiwa mbali ni mateso.

Baada ya ulinganisho, mara nyingi hutoka barua inayotaja mapungufu, ambayo Wajerumani huiita Defizitbescheid. Wapo waliolia walipoipokea wakidhani wamekataliwa, kumbe barua hiyo pamoja na mwajiri aliye tayari ndiyo humwezesha mtu kuomba viza na kwenda kuziba mapungufu hukohuko, ama kwa mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi ama kwa mtihani. Lugha nayo haina njia ya mkato. Kibali cha kufanya kazi kama muuguzi kamili kwa kawaida hudai ngazi ya B2. Goethe-Institut ina ofisi Nairobi na Dar es Salaam, na ratiba za mitihani yake unaweza kuziona mwenyewe bila kupitia kwa mtu.

Barua ya mwajiri wako wa sasa pia ina uzito. "Alikuwa mchapakazi na mwadilifu" haimwambii Mjerumani chochote. Muombe muuguzi mkuu ataje wodi uliyofanya, idadi ya vitanda, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kazi zenyewe: kuandaa wagonjwa wa upasuaji, kusafisha vidonda, kutoa dawa za mshipa, kukabidhi zamu.

Ukiitwa kwenye usaili wa video, angalia saa kwa makini. Wakiandika 10:00 wana maana ya saa nne asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa tano wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi, kwa kuwa wao hubadili saa mara mbili kwa mwaka.

Utasikia pia habari za Chancenkarte, kadi iliyoanza Juni 2024 inayomruhusu mtu kuingia Ujerumani na kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Huhesabiwa kwa pointi, angalau 6 kwa yule ambaye taaluma yake haijatambuliwa kikamilifu, na lazima uonyeshe fedha za kujikimu, zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi. Kwa maoni yangu inamfaa zaidi mhandisi au mtaalamu wa kompyuta anayehitaji kuonana na waajiri ana kwa ana. Muuguzi anaweza kuajiriwa akiwa nyumbani, hana sababu ya kufungia akiba ya familia kwenye akaunti.

Sasa fedha. Katika uajiri wa haki gharama ya wakala hulipwa na mwajiri. Ujerumani ina hata alama rasmi ya ubora kwa mawakala wa uuguzi wanaofuata kanuni hiyo, inayoitwa Faire Anwerbung Pflege Deutschland, na huduma ya shirika la ajira la serikali yao kwa anayetafuta kazi ni bure. Kenya, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tanzania, uliza TaESA, huduma ya ajira ya serikali, au ofisi ya Kamishna wa Kazi. Anayekuambia utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, au uingie kwa viza ya utalii halafu "mambo yatarekebishwa hukohuko", achana naye siku hiyohiyo.

Hata wakala halali anaweza kukuletea mkataba wenye kipengele kinachokudai urudishe gharama za kozi na tiketi ukiacha kazi kabla ya muda fulani. Omba mkataba kwa lugha unayoielewa, upewe siku za kuusoma, na kabla ya kusaini mtumie yule dada ukurasa wenye kipengele hicho umuulize: ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki lote mpaka mwisho?