Nyumba ya Kitengela Isipimwe kwa Hali ya Hewa ya Dagoretti

Wengi wanaonijia wanajenga kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, na wanataka kujua jambo moja: Februari nyumba itakuwa na joto kiasi gani, na je, madirisha yatatosha? Mimi hujibu kwa programu ya EnergyPlus, inayokokotoa joto, jua na upepo saa kwa saa mwaka mzima. Kabla ya kuchora ukuta wowote, naweka mahali.

Simama kwenye ploti yenyewe usome simu. Katikati ya Kitengela ni takriban latitudo -1.47 na longitudo 36.96, mji wa Kajiado ni karibu -1.85 na 36.78. Ukisahau alama ya kutoa, nyumba ya Kitengela inahamia Samburu, kati ya Barsaloi na Baragoi. Saa za eneo andika 3, kisha angalia jua linafika kileleni saa ngapi. Huku kwetu ni karibu saa sita na nusu, likisogea kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo kadiri mwaka unavyokwenda. Likifika saa sita kamili, kuna namba iliyokosewa.

Faili ya hali ya hewa nayo ina mahali pake, na katika hesabu ya mwaka programu huifuata hiyo, si namba ulizoandika. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko mita 1,798 juu ya bahari, kama mita 200 juu ya Kitengela, na tofauti hiyo yaweza kufika nyuzi moja ya joto au zaidi. Mimi huchagua faili ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mita 1,624, kwa kuwa uko kwenye tambarare ileile ya Athi.

Panapoharibu hesabu zaidi ni upepo. Programu huuliza ploti iko eneo gani: wazi, la viunga au la mjini kati; usipojibu, huchukua viunga. Chukua upepo wa mita 4 kwa sekunde uliopimwa uwanja wa ndege kwenye mlingoti wa mita 10. Kwa urefu wa mita 3 kutoka chini, programu itakupa mita 3.4 eneo wazi, 2.2 viungani na 1.2 mjini kati. Dirisha ni lilelile, lakini hewa inayoingia ni tofauti kabisa! Isinya na Kisaju, penye mbuga tupu, naweka wazi. Mitaa ya Kitengela iliyojaa nyumba naweka viunga. Ploti iliyo wazi leo huzungukwa na majirani baada ya miaka michache, kwa hiyo naendesha hesabu zote mbili na kumwonyesha mwenye nyumba.

Halafu kila ukuta upewe hali yake. Ukuta unaoshikana na nyumba ya jirani haupati jua wala upepo. Ghorofa ya jirani ichorwe kama kivuli. Paa la mabati liachwe wazi kwa jua, maana karibu na ikweta ndilo linalopigwa zaidi; kuta za mashariki na magharibi hufuata. Kaskazini ipime kwenye ploti, kwani michoro mingi huchorwa barabara ikiwa chini ya karatasi.

Ukiletewa ripoti isiyotaja faili ya hali ya hewa, mwinuko na aina ya eneo, irudishe kwa aliyeiandika kabla hujanunua kiyoyozi.