Picha Nayo Ina Mwandishi

Wanachama wenzangu, nawaletea habari za Shahidul Alam wa Bangladesh. Huyu bwana alizaliwa mwaka wa 1955, akasomea kemia London hadi shahada ya uzamifu, kisha akaiacha, akashika kamera. Alirudi kwao Dhaka mwaka wa 1984. Huko aliona kwamba picha nyingi za nchi yake zilizoenea ulimwenguni zilipigwa na wageni, nazo zilionyesha umaskini na mafuriko tu. Basi mwaka wa 1989 akaanzisha shirika la picha, Drik, na mwaka wa 1998 chuo cha Pathshala, ili vijana wafundishwe kusimulia kwa picha. Hata jina "Dunia ya Tatu" alilikataa. Alisema tuitwe dunia ya walio wengi. Kusema kwake kulimgharimu: mwaka wa 2018, baada ya kuzungumzia maandamano ya wanafunzi, alifungwa zaidi ya siku 100.

Funzo naliona hili: picha, kama insha, ina mwandishi. Ukiiona gazetini, hebu jiulize: nani kaipiga? Kaacha nini nje? Asiyejisimulia husimuliwa.