Ulafi, Maringo au Maradhi? Istilahi na Tiba ya Matatizo ya Ulaji

Utangulizi

Kagio ni mji wa soko katika kaunti ya Kirinyaga, jirani na mashamba ya mpunga ya Mwea. Mahali ambapo chakula ni riziki na biashara, ni vigumu kusadiki kwamba mtu aweza kuugua kwa kula au kwa kutokula ilhali sahani imejaa. Alaye kupita kiasi huitwa mlafi; akataaye chakula huambiwa anaringa. Maneno hayo huhukumu tabia badala ya kutaja maradhi. Makala haya yanafafanua aina nne za matatizo ya ulaji pamoja na tiba zake.

Aina za Matatizo

Kwanza ni anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa hata baada ya kukonda mno. Daktari Mwingereza William Gull aliipa jina katika miaka ya 1870. Pili ni bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell mwaka 1979: mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Uzito wake waweza kuwa wa kawaida, hivyo watu wa nyumbani wasitambue. Tatu ni ulaji usiodhibitika, ambapo mtu hula kupindukia kwa siri na aibu, lakini hajitapishi. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua kuwa maradhi yanayojitegemea mwaka 2013.

Nne ni pika, yaani kula visivyo chakula, kama vile udongo. Mawe laini ya kula huuzwa katika masoko mengi ya Kenya. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998 uliwahusisha wajawazito 275. Asilimia 56 walisema hula udongo mara kwa mara, na ulaji huo ulihusiana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Hata hivyo, si kila alaye udongo ni mgonjwa. Pale ambapo jamii imeizoea desturi hiyo, mganga hutazama ukubwa wa madhara kabla ya kuiita maradhi.

Tiba

Tiba ya anoreksia huanza kwa kurejesha uzito polepole chini ya uangalizi, kwa kuwa kulishwa ghafla baada ya njaa ndefu huvuruga chumvi za mwilini na kuweza kudhuru moyo. Kwa vijana, wazazi hushirikishwa kusimamia milo. Bulimia na ulaji usiodhibitika hutibiwa hasa kwa ushauri nasaha unaobadili fikra na mazoea. Katika bulimia, dawa ya fluoksetini huweza kuongezwa. Kwa pika, damu hupimwa, minyoo hutibiwa na vidonge vya madini ya chuma hutolewa inapohitajika.

Hitimisho

Aitwaye mlafi huficha sahani yake, wala haendi zahanati. Ndiyo maana istilahi si jambo la kamusi pekee. Wanafunzi wa Kiswahili wakieneza majina kama "kujinyima chakula" na "ulaji usiodhibitika", mzazi wa Kagio atapata neno la kumweleza daktari kabla mwanawe hajadhoofika. Lisilo na jina halitibiki kwa urahisi.