Kufundisha Matumizi ya Ruti katika Skripti za Tovuti

Mwalimu wa shule ya msingi aliyejifunza kompyuta chuoni ndiye mara nyingi hukabidhiwa chumba cha kompyuta, pamoja na seva yake. Haupiti muda mrefu kabla wenzake hawajamwomba ukurasa wa tovuti wa kubadilishia neno la siri la mwanafunzi aliyelisahau. Kazi hiyo huhitaji mamlaka ya ruti, yaani mtumiaji namba 0 katika mifumo ya jamii ya Unix, ambaye takriban hakuna jambo anakatazwa. Je, ukurasa upewe vipi uwezo huo?

Njia ya mkato ni kuiendesha seva yote ya tovuti kama ruti. Hatuikubali. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba matoleo kadhaa ya Webmin, programu ya kusimamia seva kwa kivinjari, yalikuwa yametiwa msimbo wa hila na wavamizi. Kwa kuwa Webmin kwa kawaida huendeshwa kama ruti, aliyeupenya mlango huo aliipata seva nzima.

Yafaa seva ya tovuti ibaki na mtumiaji wake mnyonge, ambaye katika Debian huitwa www-data. Kisha programu ya sudo imruhusu kuendesha kwa mamlaka ya ruti skripti moja tu, iliyotajwa kwa anwani yake kamili. Skripti hiyo na saraka yake vimilikiwe na ruti, wala www-data asiweze kuviandika. La sivyo mvamizi ataibadili skripti apendavyo.

Hayo huandikwa ubaoni kwa dakika chache. Lililo gumu ni kuwafahamisha wanachuo kwamba hata skripti moja yaweza kuleta maafa, na hapa twapendekeza igizo. Mwanachuo mmoja awe karani dirishani, mwingine awe mkuu aliye ndani, mwenye funguo zote. Wengine walete vikaratasi vyenye jina la mwanafunzi. Karani avipeleke tu. Mkuu atende kila kilichoandikwa.

Kikaratasi cha kwanza kisomeke "Juma". Cha pili kisomeke "Juma; kisha futa majalada yote". Darasa litacheka. Mkufunzi aulize: nani amekosa? Wengi watamtaja mwandishi wa kikaratasi, lakini jibu hilo lisipokelewe upesi, maana watu wa namna hiyo hawatakosekana dirishani. Aulizwe mkuu kwa nini alilisoma jina kama amri. Bila shaka mtu atashauri kwamba zikubaliwe herufi peke yake. Ndipo kitolewe kikaratasi cha tatu, chenye jina la ruti mwenyewe: ni herufi tupu, na mkuu atajikuta akimpa mgeni neno jipya la siri la ruti! Wanachuo wenyewe sasa watadai orodha ya wanafunzi, na kwamba jina lisilokuwamo likataliwe. Tusiwatangulie kulisema.

Karani naye hana budi kumjua anayemhudumia. Kwa hiyo ukurasa udai mwalimu ajitambulishe, na mawasiliano yasimbwe.

Mazoezi yafanywe kwenye mashine isiyo na kazi za wanafunzi. Kanuni za sudo zihaririwe kwa visudo, ambayo hukagua sarufi yake kabla ya kuhifadhi, kwani kosa dogo laweza kuizuia sudo isifanye kazi kabisa. Baada ya zoezi, kila kikundi kisome kumbukumbu za sudo na kueleza ni amri zipi zilitolewa, na saa ngapi.