Kivuli cha Mwanamfalme: Mchezo wa Kompyuta wa 1989 na Hesabu Iliyomo Ndani Yake

Mwaka 1989 kampuni ya Broderbund ya California, Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Prince of Persia, yaani Mwanamfalme wa Uajemi. Mtungaji wake alikuwa kijana aitwaye Jordan Mechner, na mchezo uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani za jamii ya Apple II. Kompyuta hizo zilianza kuuzwa mwaka 1977, na kufikia wakati huo zilikuwa zimekwisha kupitwa na nyingine. Mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu. Hata hivyo mchezo ulihamishiwa kwenye mashine za aina nyingi, ukaenea duniani, ukazaa mfululizo wa michezo mingine, na mwaka 2010 ikatolewa filamu ya sinema yenye jina hilo hilo. Hadi leo wako watu wanaoucheza ule wa asili, na wako wengine wanaousoma, kwa kuwa maandishi ya programu yake yamekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2012.

Mwanafunzi wa sayansi ana haki ya kuuliza sababu. Picha za mchezo huo ni ndogo, rangi zake ni chache, na sauti yake ni kidogo. Michezo iliyoupita kwa mapambo imesahauliwa. Sehemu kubwa ya jibu, ajabu ni kwamba, imo katika uhaba: uhaba wa kumbukumbu ya mashine, ambao ulimlazimisha mtungaji kutumia hesabu mahali ambapo mwingine angetumia picha.

Hadithi yenyewe ni fupi. Sultani yuko vitani, mbali na nyumbani. Waziri wake, Jaffar, amejitwalia madaraka na kumpa binti Sultani muda wa saa moja achague kuolewa naye au kufa. Kijana mgeni ambaye binti huyo anampenda ametupwa katika gereza lililo chini ya kasri, bila silaha. Mchezaji humwongoza kijana huyo kupitia ngazi 12 za mchezo, akiruka mashimo, akikwepa miiba ya chuma inayochomoza sakafuni, akikanyaga mawe yanayofungua na kufunga milango, na kupigana na walinzi kwa upanga. Ana dakika 60. Akifa, huanza tena ngazi ile ile, lakini saa haimsubiri. (Msomaji wa hadithi za Alfu Lela Ulela atashangaa kidogo, kwani humo Jaafar ndiye waziri mwaminifu wa Khalifa Harun Rashid. Aliyekuwa na sababu ya kulalamika ni Jaafar, kwa maana katika historia ni Harun aliyeamuru auawe, mwaka 803. Jaffar mwovu ni mtoto wa sinema, na alikwisha kuonekana katika filamu ya mwaka 1940 juu ya mwizi wa Baghdad.)

Mwili wenye uzito

Katika michezo mingi ya miaka ya 1980 mtu wa kwenye kioo alikwenda kama kipande cha karatasi. Kitufe kilipobonyezwa aliondoka papo hapo, na kilipoachwa alisimama papo hapo. Kijana wa Mechner hafanyi hivyo. Akikimbia, humchukua hatua kadhaa kusimama. Akiruka kutoka mahali aliposimama hafiki mbali kama akiruka kwa kukimbia. Akikosa ukingo kwa miguu, anaweza kuudaka kwa mikono na kuning'inia. Mwanafunzi wa fizikia ataitambua hapo inesha, yaani tabia ya kila kitu kung'ang'ania hali yake ya kutulia au ya kwenda.

Kanuni ya kuanguka nayo ni ya kweli kiasi. Akianguka ghorofa moja, kijana huinuka salama, akianguka ghorofa mbili, hupungukiwa sehemu moja ya uhai, tatu, hufa. Nishati ya mwendo ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa uwiano na kimo, hata kimo kikiwa mara tatu nishati nayo huwa mara tatu. Mchezo haupigi hesabu hiyo mbele ya mchezaji, lakini mchezaji huijua mwilini mwake baada ya vifo viwili vitatu.

Mwendo huo ulitoka kwa mtu halisi. Mwaka 1985 Mechner alimpiga picha za video mdogo wake, David, akiwa amevaa nguo nyeupe, akikimbia, akiruka na kupanda. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha. Mkanda ulisimamishwa picha baada ya picha, kioo cha televisheni kikapigwa picha kwa kamera ya kawaida katika chumba chenye giza, picha zikasafishwa, umbo la kijana likafuatishwa kwa kalamu nyeusi na wino mweupe mpaka likabaki kama kivuli kilichokatwa, ndipo likaingizwa katika kompyuta. Jicho na ubongo wa mtazamaji hufanya kazi iliyobaki: picha zilizotulia zikipita upesi, moja baada ya nyingine, ubongo huziunganisha ukaona mwendo mmoja. Mapigano ya upanga yalitokana na sekunde chache za filamu ya mwaka 1938 juu ya Robin Hood, mahali ambapo wapiganaji wawili wanaonekana kwa ubavu.

Gharama ya picha

Uzuri huo ulikuwa na bei, na bei ililipwa kwa baiti. Kompyuta za jamii ya Apple II zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, 64 au 128 kulingana na toleo. Hata kilobaiti 128 ni baiti 131,072 tu. Picha moja ya simu ya siku hizi kwa kawaida huhitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Kioo cha picha cha Apple II kilikuwa na nukta 280 kwa mapana na 192 kwa marefu, na kuhifadhi kioo kimoja kulichukua kilobaiti 8.

Ichukuliwe, kwa mfano, picha ya mtu yenye nukta 21 kwa mapana na 42 kwa kimo. Mashine hiyo ilionyesha nukta 7 kwa kila baiti moja, hivyo kila mstari huhitaji baiti 3, na picha nzima huhitaji 3 × 42, yaani baiti 126. Si kitu. Lakini mtu anayekimbia, kugeuka, kuruka, kupanda na kuanguka kwa mwendo laini huhitaji picha nyingi. Picha 200 za namna hiyo hula baiti 25,200. Kumbukumbu hiyo hiyo lazima ihifadhi pia programu, ramani za ngazi, kuta, milango na sauti.

Hapo ndipo Mechner alipofika. Alikuwa ameamua kwamba mchezo wake usiwe wa mapigano, na hata kama angebadili nia, nafasi ya kumweka adui mwenye umbo lake mwenyewe haikuwapo. Mfanyakazi mwenzake, Tomi Pierce, hakukubali. Alishikilia kwamba mchezo ulipendeza machoni lakini haukuwa na msisimko, na kwamba ulihitaji mpinzani. Kama kumbukumbu imejaa, mpinzani atoke wapi? Jawabu lilikuwa kumtengeneza kutokana na picha za kijana mwenyewe, ambazo tayari zilikuwamo.

Hesabu ya kivuli

Kompyuta huhifadhi kila nukta ya picha nyeusi na nyeupe kama biti moja: 1 ikiwaka, 0 ikizimika. Prosesa ya Apple II, iitwayo 6502, ina amri inayolinganisha biti mbili kwa kanuni inayoweza kuitwa "ama-ama": jibu ni 1 ikiwa ama biti ya kwanza ama ya pili ni 1, lakini si zote mbili. Zikifanana, jibu ni 0. Mwanafunzi anaifahamu kanuni hii kutokana na taa ya kwenye ngazi za ghorofa yenye swichi mbili, moja chini na moja juu. Ikiwa taa imezimika, kubonyeza swichi yoyote moja kutaiwasha. Kubonyeza na ile ya pili kutaizima tena.

Mechner alichukua picha ya kijana, akaisogeza kwa biti moja kando, kisha akailinganisha picha iliyosogezwa na ile ya asili kwa kanuni ya "ama-ama". Darasani hesabu hii yaweza kufanywa kwenye karatasi ya miraba. Mstari mmoja wa mwili wa mtu na uwe huu:

0 0 1 1 1 1 0 0

Ukisogezwa nafasi moja kulia:

0 0 0 1 1 1 1 0

Jibu la "ama-ama" la mistari hiyo miwili:

0 0 1 0 0 0 1 0

Katikati pamekuwa patupu. Ndani ya mwili kila 1 imekutana na 1 mwenziwe, zikafutana. Nje ya mwili 0 imekutana na 0. Ni mpakani tu, mahali ambapo mwanga unageuka kuwa giza au giza kuwa mwanga, biti zimetofautiana. Mstari wa 0 1 1 1 1 1 1 0 hutoa 0 1 0 0 0 0 0 1, na mstari mwembamba wa 0 0 0 1 1 0 0 0 hutoa 0 0 0 1 0 1 0 0. Mwalimu akiwagawia wanafunzi umbo la mtu lenye mistari ishirini hivi, kila mmoja apige hesabu ya mstari wake, kisha mistari ikapangwa ubaoni, darasa litaona mzuka umesimama: mtu wa kingo tupu, asiye na nyama.

Mzuka huyo hakuhitaji hata picha moja mpya. Kila picha yake hupatikana kwa hesabu kutokana na picha iliyopo, nayo hukimbia, huruka na hupigana kwa ustadi ule ule wa kijana, kwa sababu ni yeye. (Hesabu ya ubaoni imerahisishwa. Katika mashine yenyewe biti ya nane ya kila baiti si nukta bali huhusika na rangi, na mpangilio wa nukta ni wa kinyume. Lakini kanuni ni hiyo hiyo.)

Mtungaji aliyepewa kitu kama hicho na mashine alitakiwa sasa akitafutie mahali katika hadithi, na hapa ndipo ustadi wake ulipozidi ule wa fundi. Katika ngazi ya 4 kioo cha kujitazamia kinaziba njia. Hakuna budi ila kukimbia na kukirukia. Kijana anapopita, kivuli kinatokea upande wa pili na kutoroka, naye anabaki na uhai wa sehemu moja tu. Katika ngazi ya 5 kivuli kinamwahi kwenye chupa ya dawa na kuinywa. Katika ngazi ya 6 kinamfungia mlango mbele ya uso na kumwangusha shimoni. Kufikia ngazi ya 12, vinapokutana ana kwa ana, mchezaji ana kila sababu ya kuchomoa upanga. Kila pigo analompiga mwenzake linampunguzia uhai yeye mwenyewe; akimuua, amejiua. Kinachotakiwa ni kuurudisha upanga alani na kukimendea kivuli mikono mitupu, na hapo viwili huwa kimoja. Hakuna maandishi kwenye kioo yanayomwambia hivyo. Wachezaji wengi walipigana, wakafa, wakapigana tena, mpaka mmoja akagundua sebuleni kwake na kumwambia jirani.

Mafanikio ya kivuli yalimrudisha Mechner kwenye programu yake. Aliibana tena mahali hapa na pale, akapata nafasi ya kuwaweka walinzi wa kibinadamu. Muziki ulitungwa na baba yake, Francis Mechner.

Sanduku la mwaka 2012

Mchezo uliokuwa ukiuzwa haukupotea, kwa kuwa nakala zilikuwa nyingi. Kilichopotea ni maandishi ya programu kama Mechner alivyoyaandika katika lugha ya asembli, pamoja na majina aliyoipa kila sehemu na maelezo yake pembeni. Tofauti ni ile iliyopo kati ya mkate na karatasi ya maelekezo ya kuuoka. Baada ya kuwa bandarini kwa namba tupu za mashine, programu haisemi tena kwa nini ilifanywa hivyo.

Mapema mwaka 2012 baba yule yule aliyetunga muziki alikuta nyumbani kwake, katika jimbo la New York, sanduku lenye diski laini za mwanawe. Diski ya namna hiyo ni duara la plastiki lililopakwa chembe za sumaku, na kila biti ni mgeuko mdogo wa mwelekeo wa sumaku hizo. Joto, unyevu na umri hudhoofisha utando huo, na kichwa cha kusomea chaweza kuukwaruza katika jaribio lile lile la kuuokoa. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20. Mechner aliwaalika wataalamu wa mashine kongwe waje na vifaa vyao, na mwezi wa Aprili diski zikasomwa. Maandishi yalikuwa mazima. Aliyatangaza hadharani mwezi ule ule, na tangu hapo watu wameyasoma, wameyafafanua na kuyahamishia kwenye mashine ambazo hazikuwapo yalipoandikwa.

Mwanafunzi anayeyafungua leo atakutana na amri za prosesa 6502, kila moja ya herufi tatu. Ile ya "ama-ama" inaitwa EOR.