Halali na Dhana: Somo Nililolipata Guangzhou



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka baadhi yetu hupata nafasi ya kwenda kusoma China, na kila anayejiandaa kuondoka huuliza maswali yale yale mawili: nitaswali wapi, na nitakula nini? Nilikaa mwaka mmoja katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, nikijifunza lugha. Majibu ya maswali hayo nimerudi nayo. Lakini nimerudi pia na swali la tatu ambalo sikuondoka nalo hapa nyumbani, nalo ni hili: nikiwa katika harakati za kulinda tumbo langu na haramu, ninalinda vipi ulimi wangu?

Uislamu haukufika jana

Nilidhani ninakwenda mahali ambapo Uislamu ni mgeni. Nilikosea. Guangzhou ni bandari, na meli za Waarabu na Waajemi zilikuwa zikitia nanga pale tangu karne za mwanzo za Hijria. Kuna habari za wafanyabiashara zilizoandikwa kwa Kiarabu mwaka 237 Hijria, yaani 851 Miladia, zinazoueleza mji huu kwa jina la Khanfu. Zinasema kwamba mtawala wa China alimweka Mwislamu mmoja awe kadhi wa Waislamu waliofika pale, na kwamba huyo ndiye aliyewaswalisha Idi na kuwasomea hotuba. Fikirini, ndugu zangu: zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, mji ule ulikuwa na kadhi.

Msikiti mkongwe wa mji unaitwa Huaisheng, jina lenye maana ya kumkumbuka mtukufu, yaani Mtume (s.a.w.). Uko mtaa wa Guangta, unashuka kituo cha Ximenkou kwenye treni ya chini ya ardhi, kisha unatembea kidogo. Paa lake ni la vigae na kingo zilizopinda juu kama majumba ya Kichina, lakini pembeni umesimama mnara mweupe wa mviringo, laini, wenye urefu wa mita 36 hivi. Wenyeji wanauita Mnara wa Nuru. Inasemekana zamani mto ulikuwa karibu zaidi, na taa iliwashwa juu yake kuongoza vyombo usiku. Jiwe la mwaka 1350 lililopo msikitini linaeleza kujengwa upya kwake baada ya kuungua mwaka 1343.

Msikiti wa pili ni Xianxian, karibu na bustani kubwa ya Yuexiu. Ndani ya eneo lake kuna kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na swahaba Sa'd ibn Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hapa msomaji wa historia atasimama, kwa sababu vitabu vya sira vinatueleza kwamba Sa'd alifariki karibu na Madina na kuzikwa Baqi'. Wanahistoria wengi hawaikubali habari ya yeye kufika China. Mimi naona tunaweza kuifuata elimu bila kuwadharau watu. Kaburi lile ni la Mwislamu wa zamani aliyefia ugenini, na jamii nzima imelishikilia kama ushahidi kwamba dini yao ina mizizi. Tunamwombea maiti, hatumwombi yeye, na tunawaheshimu wenyeji.

Ijumaa pale Xianxian safu hujaa hadi uani chini ya miti. Utawaona Wachina wa kabila la Hui, ambao nchi nzima wanazidi milioni 10, Wauyghuri, Waarabu, Wapakistani, na ndugu zetu wa Afrika wanaofanya biashara upande wa Xiaobei. Imamu huitwa ahong. Wahui wengi wanafuata madhehebu ya Hanafi, kwa hiyo sisi tuliokulia katika Shafii tusishangae Alasiri ikichelewa kuliko tulivyozoea, au "amin" ikisemwa kimya.

Maneno manne ya kujua kabla ya kushika sahani

Neno la kwanza ni qingzhen, linaloandikwa 清真. Maana yake ni safi na kweli, na ndilo Wachina wanalotumia kwa kila kitu cha Kiislamu: msikiti ni hekalu la qingzhen, na chakula halali ni chakula cha qingzhen. Usingoje kuona maandishi ya Kiarabu mlangoni, kwani mara nyingi hayapo. Zijue herufi hizo mbili kama unavyolijua jina lako.

Neno la pili ni zhu, 猪, yaani nguruwe. La tatu ni rou, 肉, yaani nyama. Jihadhari: menyu ikisema rou peke yake, kwa kawaida wanakusudia nguruwe. Ng'ombe watamtaja kwa jina, niurou, na kondoo yangrou. La nne ni jiu, 酒, yaani pombe. Hili utalikuta pia jikoni, kwa sababu wapishi wengi wa Kichina hutia pombe ya kupikia kwenye nyama na samaki.

Kosa la wanafunzi wengi ni kusema tu "sili nguruwe." Mpishi kwa wema wake atatoa vipande vya nyama, kisha atapika mboga zako kwa mafuta yale yale na kikaango kile kile. Sema badala yake kwamba wewe ni Mwislamu na unakula qingzhen tu.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Wiki tatu za kwanza nilikula mboga za majani na wali katika kantini iliyokuwa karibu na bweni, nikijiona mcha Mungu. Mwanafunzi mwenzangu aliyejua lugha alipowauliza wapishi, wakajibu bila kuficha kitu: mboga zinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ndiyo maana zina ladha. Nililia siku hiyo. Baadaye nikagundua kwamba jengo la pili, mwendo wa dakika tano, lilikuwa na dirisha la qingzhen, na herufi zake mbili zimeandikwa juu kwa rangi ya kijani. Nilikuwa nimepita chini yake kila siku.

Ustadhi mmoja aliniliwaza kwamba asiyejua na akala hana dhambi, na akanikumbusha dua ya mwisho wa Suratul Baqara ambayo ndani yake tunamwomba Mola asituchukulie kwa kusahau na kukosea. Nilipaswa kutulia hapo. Badala yake moyo wangu uliingia wasiwasi, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kumshuku kila mpishi.

Mgahawa wa tambi

Karibu na chuo palikuwa na mgahawa mdogo wa tambi za kuvutwa kwa mkono, zile zinazojulikana kwa jina la Lanzhou. Sehemu kubwa ya migahawa hiyo katika miji ya kusini inaendeshwa na Waislamu kutoka mkoa wa Qinghai, mbali kaskazini-magharibi. Mpishi anachukua donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena, na baada ya muda mfupi mkononi mwake kuna nyuzi nyingi zinazolingana. Zinaingia kwenye mchuzi mweupe wa mifupa ya ng'ombe, na juu yake figili, giligilani na mafuta mekundu ya pilipili. Mwenye mgahawa alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe. Mke wake, aliyefunga mtandio mweusi, ndiye aliyepokea pesa.

Jioni moja niliingia nikakuta vijana wawili wa Kichina, wasio Waislamu, wanakunywa bia mezani pale pale wakila tambi. Sikuuliza. Niliinuka, nikamwambia yule mama kwa Kichina changu kibovu: "Hii si qingzhen." Nikatoka. Nilipofika bwenini nikaandika kwenye kundi la WeChat la wanafunzi Waislamu wa Afrika: ndugu zangu, mgahawa fulani wanauza pombe, kofia ni ya kuvutia wateja tu, msiende. Nilishukuriwa sana. Wengine walituma ujumbe ule kwa makundi mengine.

Wiki kadhaa baadaye tulijifunza darasani kuandika herufi ya jiu. Siku hiyo nilipita mbele ya mgahawa ule, nikatazama ndani kupitia kioo, na ukutani, juu kabisa ya meza ile ya wale vijana, nikaona kibao kikubwa. Nilikisoma taratibu, herufi moja moja: ni marufuku kunywa pombe humu ndani. Kibao kilikuwa cha zamani, kimeshika moshi. Bia ile wateja walikuja nayo kutoka dukani, na mzee alikuwa jikoni anavuta tambi.

Ijumaa iliyofuata nilimwona Xianxian. Alikuwa safu ya mbele yangu, na unga mkavu ulikuwa bado uko kwenye mkunjo wa mkono wa shati lake. Uwanja ulikuwa umebana. Alipogeuka akaniona sina nafasi, alisogea, akaukunjua mswala wake mpana, akanivuta kando yake. Sijui kama alinitambua. Mimi nilimtambua, na hotuba nzima sikusikia neno.

Nyama niliyoila kweli

Ndugu zangu, hapa ndipo penye somo. Katika Suratul Maida aya ya 3 Allah ametukataza mzoga, damu na nyama ya nguruwe, na nikajipa taabu nyingi ili nisiguse. Lakini katika Suratul Hujurat aya ya 12 ametukataza dhana nyingi na kusengenyana, na akaifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Nguruwe nilimla bila kujua. Nyama ya ndugu yangu niliila nikijua, tena nikawagawia wenzangu. Na neno nililomzulia ni baya kuliko ghiba, kwa sababu halikuwa kweli.

Sikatai uangalifu. Hadithi ya Nu'man ibn Bashir (r.a.) inatufundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na anayejiepusha na mambo yenye utata ameilinda dini yake. Kukaa meza moja na wanaokunywa pombe haifai, na kuondoka kwangu kulikuwa na hoja. Kosa halikuwa kuondoka. Kosa lilikuwa kuhukumu na kutangaza. Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama waliyoletewa na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama ilisomewa bismillahi. Akawaambia wao wenyewe wataje jina la Allah na wale. Nyama iliyotoka kwa Mwislamu, msingi wake ni kumdhania mema hadi ipatikane dalili. Uangalifu unahusu ninachoweka mdomoni mwangu. Heshima ya ndugu yangu inahitaji ushahidi.

Wanachuoni wanasema anayetubu kwa kumzulia mtu lazima ajikanushe mbele ya wale wale waliomsikia. Basi usiku ule niliandika tena kwenye kundi, kwa jina langu, kwamba nilisema uongo bila kuhakikisha, nikaweka na picha ya kibao. Siku ya pili nilikwenda mgahawani na wenzangu saba. Nilimweleza mzee yote kwa msaada wa rafiki anayejua lugha. Alisikiliza huku anafuta mikono. Akasema kwamba wale vijana aliwaona alipotoka jikoni, akawaomba waitoe bia, nao wakaitoa. Kisha akaniita neno ambalo Wahui wa kaskazini-magharibi huitana Mwislamu kwa Mwislamu, duosidi, lenye asili ya Kiajemi. Nilishtuka, maana ni lile lile dosti la Kiswahili. "Kaa, dosti, tambi zitapoa."

Bei alichukua kamili, nami nikafurahi, kwa sababu bakuli la bure lingenizidishia haya. Lakini si wote waliorudi. Wako walioupata ujumbe wangu wa kwanza na wa pili haukuwafikia, na hadi naondoka Guangzhou nilikuwa nikisikia watu wakiambiana wasile pale.

Kwa anayejiandaa kwenda, muhtasari wangu ni huu. Fika msikitini kabla ya kutafuta mgahawa, kwa kuwa pale utawapata wanaojua wapi pa kula, na siku ya Ijumaa nje ya Xianxian utakuta mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na mikate ya tanuri. Tafuta migahawa ya Wauyghuri, wana wali wa nyama na karoti wanaouita polo, na ukiuonja utakumbuka pilau ya nyumbani. Jifunze maneno yale manne kabla ya kupanda ndege. Ukiona jambo la shaka, uliza. Usipopata wa kumuuliza, acha kula, na unyamaze.

Allah atulishe halali, na azilinde ndimi zetu na nyama za ndugu zetu. Amin.